Shimo la Saba Linaitwa Kwa Simel

Wachezaji wageni wakifika shimo la saba katika uwanja wa gofu wa Leshata, wabeba fimbo huwaomba wasipige kwanza. Huwasogeza kivulini, chini ya miti ya migrevilea iliyobaki tangu enzi za kahawa, kisha huwapa hadithi. Hapa panaitwa Kwa Simel, husema. Alikuwepo mfanyakazi mmoja, mtu wa upande wa pili wa mlima, hajui a wala be. Siku moja katumwa apulizie nyasi dawa ya ukungu, yeye kabeba dawa ya kuua magugu. Kapulizia kwa bidii zake zote, kajifuta jasho, karudi stoo. Siku ya tano nyasi zote zimekauka kama mkeka. Na si hizo tu. Kutoka hapa mpaka stoo kulikuwa na nyayo, moja mbele ya nyingine, za rangi ya manjano, kwa sababu buti zake zililowa dawa na kila alipokanyaga nyasi zilikufa. Mwenye kosa kajichora mwenyewe.

Hapo wageni hucheka, na wengine hupiga picha.

Abdiel Nanyaro alikuwa ameisikia hadithi hiyo kuliko mtu yeyote. Alikuwa msimamizi wa nyasi za uwanja mzima, mtu wa miaka hamsini na minane, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa asiyoivua ila kanisani. Kila hadithi ilipoanza, yeye alikumbuka kazi fulani mahali pengine. Angegeuka, angekwenda kutazama bomba la maji au shimo la mchanga, mpaka kicheko kiishe. Watu walidhani ameichoka tu. Kumbe hadithi ile ilikuwa na uongo mmoja ndani yake, na uongo huo aliutunga yeye.

Leshata iko chini ya Mlima Meru, upande wa Maji ya Chai, mahali ambapo ardhi inateremka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka. Zamani lilikuwa shamba la kahawa la Mgiriki mmoja. Baba yake Abdiel alikata matawi ya mibuni ile kwa miaka ishirini na mbili. Baadaye shamba likawa la serikali, kisha la ushirika, kisha likawa la nyani na mbega. Ilipofika mwaka 2003 kampuni ikalichukua, na Abdiel, akiwa bado mwenye nguvu, akaajiriwa kung'oa visiki vya mibuni ambayo baba yake aliilea. Nyumba ya kumenyea kahawa ikageuzwa ukumbi wa klabu. Mfereji uliokuwa ukiosha kahawa ukaingizwa kwenye bwawa la shimo la nne. Nyasi zililetwa kutoka nje, zimefungwa kwenye magunia yenye unyevu kama mboga.

Uwanja ulipofunguliwa mwaka uliofuata, watu waligundua kwamba una tabia zake. Upepo wa mlimani hushuka saa nne asubuhi, si kabla. Kwenye shimo la kumi na moja, ukiwahi alfajiri, utaiona Kilimanjaro upande wa mashariki kabla haijajifunika. Na mahali popote penye grini, yaani kile kiwanja kidogo cha nyasi laini chenye shimo lenyewe, mpira haufuati macho yako. Unaona kabisa kwamba utakwenda kushoto, lakini unakwenda kulia. Wabeba fimbo husema mpira humkimbia Meru. Ukitaka kujua utakwenda wapi, tazama mlima uko wapi, halafu uupe mgongo.

Abdiel aliyajua yote hayo kwa nyayo zake. Na yale ambayo hakuyajua, aliyajua Simel.

Simel alikuja kuomba kazi mwaka 2006, akitokea juu ya Oldonyosambu, upande mkavu wa mlima. Hakuwa amesoma, ila alikuwa na jicho la mfugaji. Alikuwa akiinama kwenye nyasi na kusema, "Hapa panaumwa," na wiki ya pili panaonekana doa. Abdiel alimpenda. Kila Jumatatu Simel alimletea kibuyu cha maziwa ya mgando kwa ajili ya nyumbani, na Abdiel, kwa kulipa wema, akaanza kumfundisha kusoma. Hawakuwa na kitabu. Walitumia madumu ya stoo. Mchana, wenzao wakila, wao walikaa mlangoni mwa stoo na Simel akafuata herufi kwa kidole: m-bo-le-a. Ma-gu-gu. U-ku-ngu. Miaka mitatu baadaye aliimba kanisani akiwa ameshika kitabu cha nyimbo kilichofunguliwa ukurasa wenyewe.

Ukaja mwaka 2011. Kulikuwa na mashindano makubwa, wachezaji wa Nairobi na Dar wakitarajiwa. Jumatatu, zikiwa zimebaki wiki mbili, Abdiel aliingia stoo peke yake akakuta dumu la dawa ya magugu limepata ufa na linavuja. Akatazama huku na huku. Palikuwa na dumu jeupe tupu la dawa ya ukungu, na jipya lililojaa likiwa limesimama nyuma yake. Akamiminia humo. Alijiambia atabandua ile karatasi na kubandika nyingine. Simu ikalia, bomba limepasuka shimo la kumi na nne, akatoka mbio. Akasahau.

Alhamisi alimwambia Simel, "Chukua dawa ya ukungu, pulizia grini ya shimo la saba."

Nyasi zilipoanza kupauka, siku ya tano, Abdiel hakumuuliza mtu. Alikwenda stoo, akafungua mfuniko wa dumu jeupe, akanusa. Ilikuwa ile dawa ya magugu aliyoimimina mwenyewe. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kujiona analifanya. Alimwaga kilichobaki, akalikata dumu vipande vinne kwa panga, akavitupa kwenye shimo la choo cha zamani cha vibarua wa kahawa.

Mchana waliitwa ofisini. Meneja wa wakati ule alikuwa amekaa, wao wamesimama.

"Abdiel, ulimwambia achukue dawa gani?"

"Ya ukungu."

Hiyo ilikuwa kweli.

"Sasa imekuwaje?"

Pale angeweza kusema. Kwa miaka yote iliyofuata alirudi mahali pale akilini, kwenye ile nafasi ndogo kati ya swali na jibu, akaikuta pana ya kutosha ng'ombe kupita. Lakini siku ile aliiona imebana, na alichosema kilikuwa maneno matatu.

"Simel hasomi vizuri."

Nani angebisha? Mwalimu wake ndiye aliyesema. Simel alimtazama Abdiel, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza viganja juu. "Kama Abdiel anasema," alijibu polepole, "basi nilikosea." Alifukuzwa kabla ya saa kumi. Nyayo za manjano zilibaki kwenye nyasi wiki sita, na jina likabaki moja kwa moja.

Sasa uwanja ulikuwa unatimiza miaka ishirini, na klabu ilitaka sherehe. Katibu wake, Fransiska, mama wa Kibosho mwenye ofisi ya uwakili mjini Arusha, alipewa kazi ya kuandika kijitabu cha historia na vibao vya kusimikwa kwenye kila shimo. Alikuwa mwanamke makini. Alimwita Abdiel ukumbini, akamwagizia chai, akaweka karatasi mezani.

"Shikamoo, Mzee Abdiel."

"Marahaba, mama katibu."

"Wewe ndiye kumbukumbu ya uwanja huu. Nataka unisikilize nikisoma, nikikosea unirekebishe."

Akasoma. Mgiriki, ushirika, visiki, bwawa. Abdiel alirekebisha tarehe mbili na jina la mto. Walipofika shimo la saba sauti ya Fransiska ikachangamka. "'Kwa Simel. Jina hili limetokana na mfanyakazi mwaminifu lakini asiyejua kusoma.' Nimeweka 'mwaminifu' ili isionekane tunamdharau. Iko sawa?"

Abdiel alikunywa chai. Ilikuwa ya moto mno akaimeza hivyo hivyo.

"Iko sawa," alisema.

"Vizuri. Halafu kuna jambo nimelifikiria. Huyu Simel bado yuko hai?"

"Nimesikia yuko kwao."

"Basi tumwalike. Asimame pale shimo la saba siku ya sherehe, wageni wamwone, tumpe zawadi. Watu watafurahi sana. Unafahamiana naye, naomba umpelekee kadi wewe mwenyewe."

Alimpa bahasha. Abdiel aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyezoea kupokea vitu kwa heshima.

Akakaa nayo siku nane ndani ya Biblia yake nyumbani Nkoaranga, akijiambia kwamba mguu unamuuma. Siku ya tisa akaenda. Hakuenda kuungama, na hilo alilisema mwenyewe baadaye. Alikwenda kupeleka kadi, amsalimu mtu, ageuke.

Alibadilisha gari Arusha mjini, akauzunguka Meru kwa barabara ya Namanga. Mlima aliozoea kuuona wa kijani, wenye mvua begani, ulimgeukia upande mwingine, mkavu, wenye makorongo. Aliteremka Oldonyosambu na kupanda kwa miguu saa nzima, akiuliza njia.

Alimkuta Simel ameshika lango la zizi. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota mvi. Ndani ya zizi mkewe, Nalepo, alikuwa amembana mbuzi kati ya magoti akimnywesha dawa ya minyoo. Alisoma kwenye chupa, akapima, akanywesha, akamwachia, akamkamata mwingine. Simel alikuwa akifungua lango na kulifunga, basi.

"Abdiel," alisema, na uso wake ukafunguka. "Abdiel mwenyewe amekuja kwangu." Alimshika mkono muda mrefu. Hapakuwa na kinyongo katika mkono ule, na hilo lilimtisha Abdiel kuliko ngumi. Miaka yote alikuwa amejiandalia chuki ya Simel. Alikuwa ameshajua namna ya kuibeba.

Waliketi kwenye vigoda. Nalepo alinawa, akaja na chai ya maziwa, akamwamkia mgeni, akaketi nao.

"Kazi nyingi," Abdiel alisema, kwa kukosa la kusema. "Mbona humsaidii mama kunywesha mbuzi?"

Nalepo alicheka. "Huyu? Huyu dawa hagusi. Mwaka juzi nilikuwa sokoni, mtoto akashikwa na homa, dawa iko hapa ndani, kijiko kiko hapa. Unajua alifanya nini? Alimbeba mgongoni mpaka zahanati, mwendo wa saa mbili, jua kali, ili nesi ampe dawa ile ile iliyokuwa nyumbani. Nikamuuliza, kwa nini? Akasema, nikisoma vibaya je?"

Simel alitabasamu kwa aibu, akiangalia chini.

Abdiel alitoa bahasha haraka ili mazungumzo yageuke. Simel aliipokea na, bila kuitazama, akampa mkewe. "Nisomee."

Nalepo akasoma. Bwana Simel alikuwa anaalikwa katika maadhimisho ya miaka ishirini. Yeye ni sehemu ya historia ya uwanja. Shimo la saba linajulikana kwa jina lake, na wageni wangependa kumwona na kusikia kisa chake kutoka kinywani mwake.

Mbuzi mmoja alikohoa.

"Shimo lina jina lako?" Nalepo aliuliza. "Kwa nini?"

Walikuwa wameishi katika ndoa miaka kumi na moja, na Simel hakuwahi kumwambia. Alimwambia tu kwamba kazi ya Leshata iliisha. Sasa Simel alikung'uta vumbi magotini, akaanza, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

"Niliwahi kufanya kosa kule. Huyu Abdiel alinifundisha kusoma, akanivumilia miaka mitatu. Mimi nikadhani nimejua. Siku moja alinituma dawa ya ukungu, nikaona dumu, nikalisoma, nikasema ndilo. Kumbe macho yangu yaliona yanachotaka. Nikaua nyasi zote, siku za mashindano. Nikamwaibisha huyu mbele ya mkubwa wake. Tangu hapo nikajua kichwa changu hakikuumbwa kwa herufi, nikaziacha. Hata kanisani naimba yale niliyoyashika tu. Samahani, Abdiel. Siku ile sikukuomba radhi vizuri, nilikuwa nimechanganyikiwa."

"Simel, acha," Abdiel alisema.

"Hapana, ni kweli, sikukuomba..."

"Acha. Lile dumu nililibadilisha mimi."

Simel hakuelewa. Abdiel ikambidi aseme tena, na mara hii aseme yote: ufa, dumu tupu, simu iliyolia, panga, choo cha vibarua. Aliyasema akiangalia kikombe cha chai, na alipomaliza utando wa maziwa ulikuwa umeshaganda juu.

"Lile dumu," Simel aliuliza, "lilikuwa jeupe?"

"Jeupe."

"Mfuniko wa bluu."

"Wa bluu."

"Na karatasi yake ilikuwa imeandikwaje?"

"Ukungu."

"U. Ku. Ngu." Simel aliyatoa matamko moja moja, kidole chake cha shahada kikisogea gotini mwake kana kwamba karatasi iko pale. "Nililisoma mara mbili. Mara ya kwanza haraka, halafu nikarudia kwa kituo. Nikafurahi. Nikasema leo sikumuuliza mtu." Kidole kilisimama. "Basi nilisoma."

"Ulisoma vizuri kabisa."

"Nilisoma."

Nalepo alikuwa ameikunja kadi mara mbili, mara nne.

"Ulijua siku gani?" Simel aliuliza.

"Siku ya tano."

"Kabla hatujaitwa ofisini, au baada?"

Kulikuwa na njia ya kulijibu swali hilo kwa maelezo marefu, juu ya mke na watoto na hofu. Abdiel aliiona njia hiyo, ilikuwa wazi mbele yake.

"Kabla," alisema.

Simel alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa. Aliangalia zizi lake, mbuzi wake na kazi ambayo hakuwa akiigusa. Aliposema, hakupandisha sauti.

"Ondoka, Abdiel. Ondoka kabla sijainuka kwenye kigoda hiki."

Abdiel akaondoka. Hakuna aliyemsindikiza, na hiyo, kwa watu wa pale, ilikuwa hukumu kamili. Aliteremka lile korongo akisikia sauti ya Nalepo nyuma yake, ikiuliza jambo kwa Kimaasai, ikiuliza tena.

Asubuhi iliyofuata alimkuta mkewe, Aikaeli, akichuma kahawa nyuma ya nyumba, akamwambia. Alimwambia akiwa amesimama, kikapu kikiwa katikati yao.

"Simel yule wa maziwa ya mgando?" Aikaeli aliuliza.

"Huyo huyo."

Aliendelea kuchuma, buni nyekundu moja moja, akiziacha za kijani. Alimaliza mti mzima.

"Nimemcheka," alisema mwishowe. "Hadithi ile niliisimulia kwenye umoja wa wanawake, tukacheka mpaka mke wa mchungaji akashika mbavu. Mtu aliyewanywesha wanangu maziwa. Wewe ulikuwa umekaa benchi la nyuma, ukanisikia, ukaniacha nicheke." Akachukua kikapu chake na kuhamia mti mwingine, wa mbali. Wiki ile alimpikia, alimfulia, alimjibu alipoulizwa.

Fransiska alimsikiliza Abdiel ofisini kwake mjini, kalamu mkononi, bila kumkatiza. Alipomaliza, alivua miwani.

"Kijitabu kiko kwa mchapaji, Mzee Abdiel. Na vibao vimeshachorwa."

"Kirudishwe."

"Tunaweza kulitoa jina lake tu. Tuseme shimo la saba, tukae kimya. Hakuna atakayeumia, wala yeye wala wewe."

"Jina libaki. Uongo ndio utoke."

"Unajua kamati itasemaje? Umebakiza miaka miwili ustaafu kwa heshima."

"Najua."

Fransiska aliweka kalamu chini. "Kwa nini sasa?"

Abdiel alivua kofia yake, kama yuko kanisani, akaizungusha mikononi. "Usinidhanie mwema, mama katibu. Msingenituma ningekufa nalo. Lakini nilitumwa nikamwalike aje kuchekwa, na nikaenda. Nilipanda ule mlima mpaka kwake na ile kadi."

Fransiska alitazama karatasi zake. "Kadi niliiandika mimi," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya ofisini. Akasogeza daftari. "Sema tena, taratibu. Niandike."

Kamati ilikaa mara mbili. Wapo waliotaka Abdiel aondoke siku ile ile, wapo waliosema hayo ni mambo ya zamani. Mwisho walimvua usimamizi na kumrudisha kwenye mashine ya kukatia nyasi, chini ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi. Alikubali. Klabu ilimwandikia Simel barua ya kumwomba radhi, ikaenda, na haikujibiwa. Siku ya sherehe hakuja. Bendi ilipiga, wageni walikula mishikaki, na kwenye shimo la saba palikuwa na kibao kipya cha mbao:

Kwa Simel. Mwaka 2011 nyasi za hapa ziliuawa na dawa ya magugu ambayo Abdiel Nanyaro aliiweka katika dumu la dawa ya ukungu. Simel alisoma kilichoandikwa. Abdiel aliificha kweli, na Simel akafukuzwa kazi bila kosa.

Abdiel alidhani kibao kitamaliza jambo. Lakini hadithi ya zamani haikufa. Wabeba fimbo waliendelea kuisimulia kwa wageni wasiosoma Kiswahili, kwa kuwa ilichekesha na ile mpya haikuchekesha mtu. Safari hii Abdiel hakuwa akigeuka. Angezima mashine, angesogea na kusema, "Haikuwa hivyo," angeeleza, na wageni wangesimama kwa adabu, wakiangalia saa. Siku moja mbeba fimbo mmoja, mtu mzima mwenzake, alimvuta pembeni. "Mzee, tumekuelewa," alisema. "Ila unatuharibia. Ya zamani ni tamu." Abdiel akajibu kwamba anajua ni tamu, yeye ndiye aliyeipika.

Mwezi wa pili baada ya sherehe, asubuhi ya siku ya soko Tengeru, mlinzi wa getini alimpigia simu kwamba ana mgeni. Alikuwa Nalepo. Alivaa shuka la bluu na viatu vya safari, mkononi ana mfuko mtupu wa sokoni. Safari hii hakumwamkia.

"Nataka kupaona," alisema.

Walitembea pamoja, yeye mbele, Abdiel nyuma akimwelekeza. Upepo wa mlimani ulikuwa haujashuka bado. Walipofika alisimama mbele ya kibao, akakisoma kwa sauti ya chini mpaka mwisho, kisha akarudia mstari mmoja. Abdiel hakujua ni upi. Halafu akaingia kwenye grini. Wachezaji wawili waliokuwa wakisubiri walitaka kumzuia kwa sababu ya viatu, Abdiel akawainulia mkono, wakarudi nyuma.

Nalepo alipima kwa hatua. Alitoka ukingo mmoja mpaka mwingine, akihesabu kwa Kimaasai, akafika hatua ishirini na sita. Akapima upande wa pili, ishirini na moja. Akasimama katikati, karibu na bendera, akatazama pande zote kana kwamba anatafuta pale panapoendelea.

"Ni hapa tu?" aliuliza.

"Ni hapa tu."

"Nilidhani ni pakubwa." Alisugua nyasi kwa ncha ya kiatu. "Kwa jinsi mume wangu alivyokuwa, nilidhani ni shamba zima."

Abdiel alitaka kusema neno. Alikuwa amelitunza, aliliandaa kila siku akisukuma mashine: kwamba anaomba radhi, kwamba yuko tayari kuja tena Oldonyosambu, kuketi chini, kusikia lolote. Aliyasema yote, kwa kukatakata. Nalepo alimsikiliza hadi mwisho.

"Sikuja kukuletea msamaha," alisema. "Hakunituma. Hajui hata kama nimepita hapa. Tangu uje halali vizuri, anakasirika na mbuzi, anakasirika na mimi. Kabla yako alikuwa mtu mpole mwenye aibu. Sasa ni mtu mwenye hasira." Alifikiri kidogo. "Sijui lipi ni afadhali. Nikijua labda nitarudi nikuambie."

Akatoka kwenye nyasi, akaweka mfuko begani, akaomba aonyeshwe njia fupi ya kufika barabarani kwa sababu soko huwa linajaa mapema. Abdiel alimwonyesha, kisha akamfuata. Alimsindikiza kupita bwawa, kupita nyumba ya zamani ya kahawa, mpaka nje ya geti, na hakurudi mpaka alipomwona amevuka lami salama.